Nilisimama, Sikuacha

Mahabusu, Geita
27 Mei 2024

Mwalimu Champaben,

Shikamoo.

Huenda jina langu limekutoka. Mimi ni Eliya, yule mpakiaji wa mashine ya mpunga pale Kagongwa, niliyekuwa nakuja darasani kwako saa tisa alasiri nikiwa bado na pumba kichwani. Tulikuwa wawili, mimi na Gregory. Tulikalia gunia moja kwenye stoo nyuma ya duka la mwanao Viral, ukatufundisha Kiingereza miaka miwili, mpaka tulipopata kazi za machimbo mwaka 2012.

Gregory amefariki, Mwalimu. Samahani kwa kukupa habari kama hii kwenye karatasi. Ilikuwa tarehe 7 mwezi huu. Yeye alikuwa ndani ya ndoo anapanda kutoka shimoni, na mimi ndiye niliyekuwa kwenye winchi. Kamba ya waya ilikatika. Siku ya tatu yake nikakamatwa, na sasa nashtakiwa kwamba nimesababisha kifo kwa uzembe. Huku simu haturuhusiwi, ndiyo maana naandika. Askari anasoma kila barua kabla haijatoka, kwa hiyo usishangae ukiona bahasha imefunguliwa.

Baada ya ajali kampuni ilinipa fomu nieleze kilichotokea. Fomu zao ni za Kiingereza. Afisa utumishi, Bwana Fredy, aliniambia naweza kueleza kwa Kiswahili halafu yeye aandike. Nikakataa. Nilimwambia mimi nimesoma kwa Mwalimu Champaben. Nikaandika mwenyewe, ukurasa mzima. Kwenye mstari wa tano nilitaka kusema kwamba niliposikia waya unalia, nilisimama kukagua kamba. Kwanza niliandika "I stopped to check the rope." Halafu nikakukumbuka wewe. Nikakata "to check" kwa mstari mmoja safi, kama ulivyotuzoesha, na juu yake nikaandika "checking". Ikawa "I stopped checking the rope."

Sasa wanasema nimekiri. Wanasema maneno yangu maana yake niliacha kukagua kamba. Na ule mstari niliokatia ndio unaniumiza zaidi, kwa sababu wanasema nilianza na uongo, kisha ukweli ukanishinda. Kwa mdomo nimewaeleza mpaka nimechoka. Wananijibu kwamba mwandiko ulikuja kwanza, mdomo umekuja baadaye. Wa kunishuhudia hayupo, wenzangu wote wa zamu walikuwa chini.

Naomba uniambie jambo moja tu. Sentensi yangu inasema nini?

Natanguliza shukurani.

Mwanafunzi wako,
Eliya


Kagongwa
3 Juni 2024

Eliya mwanangu,

Marahaba.

Jina halijanitoka. Nina miaka sabini na tatu, masikio yamekwisha na simu siwezi tena, lakini majina ya wote waliokalia yale magunia ninayo. Gregory alikuwa mbishi, wewe ulikuwa na mwandiko. Nimemlilia Gregory. Nimemwashia taa mbele ya miungu yangu, na najua asingeona vibaya, maana alikuwa hachoki kuniuliza huyu anaitwa nani na yule mwenye kichwa cha tembo anaitwa nani.

Sasa nijibu swali lako. Neno "stop" la Waingereza limebeba maneno yetu mawili, kusimama na kuacha. Sisi tunatofautisha kwenye kitendo cha kwanza. Tunasema nilisimama kukagua, au niliacha kukagua, na hilo "kukagua" halibadiliki. Wao hukiacha cha kwanza kama kilivyo, wakabadilisha cha pili. "Stopped to check" ni kusimama ili ukague. "Stopped checking" ni kuacha kukagua. Kwa hiyo waliokusomea wamekusomea sawasawa. Ulichoandika mwanzo kilikuwa sahihi, na ulichosahihisha ndicho kosa.

Ungeiacha sentensi ilivyokuwa! Nani alikuambia ukate? Mtu mwenye hofu hatakiwi kugusa sentensi iliyokaa vizuri. Sikumbuki kuwafundisha hivyo.

Nimempa kondakta wa basi la Geita sabuni, dawa ya meno na njugu alizokaanga mkwe wangu Mamta. Ukipata nafasi mweleze hakimu haya niliyokueleza. Na neno lile ni shukrani, si shukurani.

Mwalimu wako,
Champaben


Kakola, Bulyanhulu
6 Juni 2024

Eliya,

Barua zako mbili alizileta Adam wa bodaboda. Sikujibu kwa sababu nilikuwa na msiba, na kwa sababu sikutaka. Leo najibu ili usilete ya tatu.

Siku ya matanga Bwana Fredy alikuja na ile karatasi yako. Akaisoma kwa Kiingereza mbele ya wakwe zangu, halafu akaitafsiri: "Niliacha kukagua kamba." Mama mkwe akauliza mara mbili, "Kaandika mwenyewe?" Tukaonyeshwa mwandiko. Mwandiko wako naujua, wewe ndiye uliyeandika kadi za harusi yetu.

Miaka kumi na miwili mume wangu alishuka shimoni kwa sababu wewe ulikuwa juu. Winchi ya mtu mwingine alikuwa haipandi. Asubuhi akivaa viatu ananiambia, leo yuko Eliya, usiwe na wasiwasi. Nami nilikuwa sina wasiwasi, nilikuwa narudi kulala.

Sasa unaniandikia "shemeji, sikuacha". Uliandika kwamba uliacha. Kama ungekuja ukanyamaza, pengine siku moja ningekusikiliza. Lakini uliandika, na Martina amesikia mbele ya watu jinsi baba yake alivyokufa.

Usiniite shemeji.

Paskalia, mama Martina


Mahabusu, Geita
14 Juni 2024

Mwalimu,

Shikamoo. Nashukuru kwa sabuni na njugu. Njugu nimegawana na wenzangu kumi na wawili, tukapata chache chache, na wote wanamsalimia dada Mamta.

Nimeielewa sentensi yangu. Nilimweleza mwendesha mashtaka kama ulivyoandika, akacheka. Akaniuliza, kama tofauti naijua vizuri hivi, kwa nini niliandika nilivyoandika? Jibu ninalo, Mwalimu, ila sikutaka kulisema mbele ya watu kabla sijakuambia wewe.

Uliandika kwamba hukumbuki kutufundisha hivyo. Mimi nakumbuka. Uliandika kwa chaki nyekundu nyuma ya mlango wa stoo: finish, enjoy, avoid, mind, stop. Mbele yake ukachora mabano makubwa, na nje ya mabano ukaandika -ing, na chini yake, SIKU ZOTE. Tulifanya wimbo. Tulikuwa tunaimba tukishusha magunia, mmoja wetu anaita "stop!", wapakiaji wengine wanaitikia "weka ing!", mpaka tajiri wa mashine akadhani tumelewa.

Siku moja Gregory aliandika sentensi yake na "to". Sentensi yenyewe siikumbuki, nakumbuka alivyobisha. Alisimama akasema, "Mwalimu, hapa nilisimama, sikuacha." Ukamwambia, "Gregory, usibishane na kitabu." Ukampa mistari ishirini. Akaiandika yote, amenuna, wino unapenya karatasi. Basi siku ile nikiwa na fomu mbele yangu, damu ya mwenzangu haijakauka kwenye buti zangu, niliuona ule mlango. Nikaona nisikuaibishe.

Sisemi umekosea. Labda sisi ndio hatukuelewa. Daftari langu lililiwa na mchwa. La Gregory huenda lipo, alikuwa mtu wa kutotupa kitu, lakini nisingependa mama Martina asumbuliwe kwa ajili yangu. Amenikataza hata kumwita shemeji.

Kesi itasikilizwa tarehe 16 Julai.

Eliya


Kagongwa
20 Juni 2024

Mama Martina mpendwa,

Pokea pole zangu nyingi. Hunifahamu, ila mumeo alinifahamu. Nilimfundisha Kiingereza hapa Kagongwa alipokuwa bado kijana wa magunia. Alikuwa mwanafunzi mwenye akili, na maswali yake yalinichosha kama maswali ya mtoto wangu mwenyewe.

Nikiwa mzee na siku zangu zikipungua, napenda kukusanya kumbukumbu za wanafunzi wangu waliotangulia. Kama Gregory aliacha daftari la masomo yale, la jalada la bluu, ningefurahi ukinitumia. Nitalitunza. Unaweza kumpa kondakta yeyote wa basi linalopita Kagongwa, amwachie Viral dukani.

Mungu akutie nguvu wewe na mwanao.

Mwalimu Champaben


Kakola, Bulyanhulu
29 Juni 2024

Mwalimu,

Shikamoo. Wabeja, nashukuru kwa pole zako.

Daftari lipo. Lilikuwa kwenye sanduku pamoja na vyeti vya ubatizo. Nilitaka kulifunga nikupelekee, kwa sababu mzee akiomba huwezi kumnyima. Halafu nikajiuliza: miaka yote hujaulizia daftari la mtu, unaulizia leo, mwezi mmoja na nusu baada ya msiba, na unajua mpaka rangi ya jalada.

Mimi Kiingereza sijui. Nililipeleka kwa Mwalimu Jilala, anafundisha Kiingereza sekondari hapa kwetu, nikamwambia asome aniambie kuna nini humo. Alisoma kama nusu saa. Kulikuwa na mazoezi mengi na alama nyingi za vyema. Alipofika ukurasa mmoja akasimama, akarudia kusoma, akavua miwani. Akaniambia, "Mama, hapa mwanafunzi kapata. Aliyekosa ni msahihishaji."

Akanieleza. Akanionyesha alama yako ya mkasi, ile ya kukosa, juu ya sentensi ya mume wangu, halafu ile mistari ishirini. Pembeni umeandika kwa wino mwekundu kwamba baada ya neno hilo ni -ing siku zote. Nikamuuliza, mtu aliyefundishwa hivi, akitaka kuandika "nilisimama kukagua kamba", kama Eliya anavyodai, ataandika nini? Akachukua kipande cha karatasi akaandika. Nikaiona ile sentensi ya Eliya, herufi kwa herufi, ile iliyosomwa kwenye matanga.

Nilikaa kwenye benchi la shule mpaka wanafunzi wakatoka. Nimemchukia mtu siku hamsini, Mwalimu. Nilimchukia nikiamka, nilimchukia nikisonga ugali. Sasa hata sijui chuki hiyo niipeleke wapi.

Daftari sikutumii. Niambie kwanza wewe mwenyewe, kwa mkono wako: ulitaka kulifanya nini?

Paskalia


Kagongwa
4 Julai 2024

Mama Martina,

Umeniuliza, na itabidi nijibu. Barua hii nimeianza mara nne.

Nilitaka kuliona kwanza. Zaidi ya hapo sijui. Sitasema kwamba nilitaka kulichoma, lakini siwezi pia kukuapia kwamba lingefika mikononi mwangu likaonekana tena. Jiko la mkaa lilikuwa karibu na kiti changu nilipokuwa nakuandikia, na nilikuwa naliangalia.

Mimi nilisoma Kiingereza kwa kukariri orodha. Baba yangu aliinunulia familia kitabu kimoja, tukakikariri mimi na kaka yangu Rajnikant, tukichapwa kwa kila kosa. Orodha ya vitendo vinavyofuatwa na -ing ilikuwa na "stop" ndani yake. Nikaifundisha kama nilivyoipokea, miaka thelathini. Mumeo alipobisha, nilimkasirikia kwa sababu sikuwa na jibu. Nilimpa mistari ishirini ili anyamaze.

Mwaka 2013 mjukuu wangu Disha alirudi likizo kutoka shule ya bweni Mwanza. Akausoma mlango wa stoo akacheka. "Dadi," ndivyo anavyoniita bibi yake, "hiyo siyo siku zote." Akanieleza kwa dakika tano. Nikaelewa palepale, na palepale nikamkumbuka Gregory amesimama kati ya magunia. Nikachukua kitambaa chenye maji nikafuta mlango. Waliokuja baada ya hapo niliwafundisha sawasawa. Waliokwisha kuondoka sikuwaandikia. Nilijua walipo, Viral alikuwa na namba zao. Niliona aibu, nikajiambia ni neno dogo tu, nani atadhurika kwa neno dogo.

Eliya aliponiandikia kutoka mahabusu nilijua alipofika mstari wa tano wa fomu yake. Nikamjibu kwamba sikumbuki. Nilimdanganya kijana aliyefungwa kwa sababu ya kunitii, halafu nikamsahihisha shukurani kwa shukrani, ili nijisikie bado ni mwalimu.

Nitakwenda Geita tarehe 16. Viral hataki, anasema watanicheka mji mzima, na kwamba sisi tunaishi hapa kwa heshima tu. Nimemwambia anikatie tiketi au nitapanda lori la mchele. Lakini bila daftari mimi ni bibi asiyesikia anayemtetea mwanafunzi wake. Sikuombi unitumie. Nakuomba ulilete mwenyewe, ulishike mwenyewe, usinipe hata mkononi.

Siwezi kukuomba msamaha leo, sina uso huo.

Champaben


Geita
22 Julai 2024

Mama Martina,

Naanza kwa kukuita hivyo kwa sababu ulinikataza lile jina lingine.

Nimetoka. Kesi imeondolewa ile tarehe 16, ila nilibaki kwa fundi viatu hapa mjini, natafuta jinsi ya kukuandikia. Siku ile nilikuona benchi la nyuma, daftari kifuani, umevaa kaniki. Ulipita mbele ukampa karani, ukarudi kukaa, hukuniangalia. Sikulaumu.

Sijui kama kutoka pale nyuma ulisikia yote, kwa hiyo nakuandikia. Ilibidi karani asimame karibu na sikio la Mwalimu na kumpigia kelele kila swali. Alijibu kwa sauti ya darasani. Alisema, "Kosa limeandikwa na huyu, lakini ni langu. Alikata sentensi sahihi kwa sababu mimi nilimfundisha kuikata." Hakimu akauliza amejua lini kwamba ni kosa. Akasema mwaka 2013. Hakimu akauliza kwa nini hakuwaambia. Mwalimu akanyamaza. Karani akadhani hajasikia, akainama akampigia tena kelele, kwa nini hukuwaambia? Akasema, "Nimesikia." Akainamisha kichwa. Mimi nililia, na sikuwa nimelia tangu nikamatwe.

Mwendesha mashtaka aliomba muda, wakasoma daftari na fomu, wakarudi kusema hawana nia ya kuendelea. Wakauliza pia habari ya barua mbili nilizoiandikia kampuni kabla ya ajali kuomba kamba mpya, ambazo ofisi ilikuwa inasema haizijui. Zimepatikana.

Sasa nina jambo ambalo mahakama haikuniuliza, na bila kulisema sitalala.

Ni kweli nilisimamisha winchi. Waya ulilia, nikafunga breki, nikakagua, nikaona nyuzi tatu zimekatika. Gregory alikuwa amebakiza kama mita kumi na tano kufika juu. Akaita kutoka chini, "Eliya, kuna nini?" Nikamwambia, "Ningoje." Akasema, "Haya, nakungoja." Nikakimbilia stoo kuchukua vibano vya kuushikiza ule waya. Hatua kumi kwenda, kumi kurudi. Nikiwa narudi na vibano mkononi, ukakatika.

Nimeachiwa kwa sababu imeonekana nilisimama kukagua. Lakini mle mahabusu nilikuwa najiuliza kitu kingine kila siku: kama nisingesimama? Kama ningeendelea kuvuta bila kujali ile sauti, mita kumi na tano ni dakika ngapi? Huenda angefika. Wote wananipongeza kwa jambo ambalo huenda ndilo lililomuua. Kiingereza cha jambo hili sikijui, hata Kiswahili chake sikijui. Wewe ndiye mwenye haki ya kuniambia.

Nakusalimu kwa heshima. Msalimie Martina.

Eliya


Kakola, Bulyanhulu
1 Agosti 2024

Eliya,

Barua yako nimeisoma, nikaiweka chini ya mto siku tano, nikaisoma tena leo.

Umeniuliza kama ungeendelea kuvuta. Sijui. Na wewe hujui, wala Bwana Fredy hajui, ingawa yeye ndiye aliyekuwa na zile barua zako mbili za kamba kwenye droo. Huenda angefika juu. Huenda waya ungekatika mapema zaidi, akiwa bado anacheka, hajui lolote. Kitu ninachojua ni kwamba Gregory alikuchagua wewe kwa sababu ulikuwa mtu wa kusimama ukisikia sauti mbaya. Wengine wanavuta tu. Aliniambia hivyo mwenyewe, zaidi ya mara moja, na mimi nilisahau kwa sababu nilikuwa na hasira.

Mengine yalitokea baada ya wewe kutoka. Ulikuwa ofisini unasaini karatasi za kuachiwa, kwa hiyo hukuona. Karani alinirudishia daftari. Mwalimu alikuwa amekaa kwenye benchi la korido na Viral, anapepewa kwa gazeti. Nikakaa karibu naye. Baadaye akanyoosha mkono. Nikasita, nikampa.

Akafungua mkoba akatoa kalamu nyekundu. Nilitaka kumnyang'anya, lakini nikamwacha. Alitafuta ule ukurasa. Alama yake ya mkasi akaikata. Sentensi ya Gregory akaiwekea alama ya vyema, kubwa, na pembeni akaandika "Sahihi" na tarehe ya siku ile. Halafu akaanza na ile mistari ishirini, akaikata mmoja mmoja kwa mstari safi, na juu ya kila mmoja akaandika upya. Kila mstari ulichukua muda. Karani alikuja kufunga mlango wa korido, akasimama na funguo, akaondoka, akarudi, akaondoka tena. Viral alikuwa ameangalia ukutani, machozi yanatoka. Alipomaliza mstari wa ishirini akanirudishia daftari kwa mikono miwili. Nikamwambia sikioni kwamba nimemsamehe. Sijui kama nilikuwa nimemsamehe kweli wakati ule. Leo naona nimemsamehe.

Daftari nakutumia kwa Adam. Ni lako mpaka mwezi wa tisa, halafu ulirudishe, ni la Martina. Huenda sentensi yenyewe huikumbuki. Mimi sikuiandika kwenye barua ya Mwalimu kwa sababu ilikuwa inaniumiza. Mwalimu Jilala alinitafsiria, na nimeikariri kwa Kiingereza, ndiyo Kiingereza pekee ninachokijua. Ile mistari ishirini ya zamani, aliyolazimishwa, ilisema "I stopped waiting for Eliya." Yaani niliacha kumngoja Eliya. Sasa yote imekatwa. Iliyobaki ni ile aliyoandika mwenyewe, aliyoibishia, na juu yake kuna vyema:

"On the road I stopped to wait for Eliya."

Njiani nilisimama kumngoja Eliya.

Mwezi wa tisa tunajengea kaburi. Wakwe zangu nimewaeleza, na mama mkwe amesema uje wewe ndiye uandike jina lake kwenye saruji, kwa sababu una mwandiko. Usichelewe.

Shemeji yako,
Paskalia